Ndani Kipande cha Mti

Mlango wa kabati la jikoni ukifunguliwa bawaba zake na kulazwa juu ya meza ya seremala hauwi tena kile kitu ambacho wenye nyumba walikuwa wakikilalamikia. Uliposimama mahali pake ulikuwa sura tu: utando wa mafuta kuzunguka kishikio, weusi pale vidole vinaposhika kila siku, rangi ya krimu iliyopakwa juu ya kijani iliyopakwa juu ya vanishi. Ukigeuzwa, unaonekana upande wa nyuma ambao hakuna aliyejisumbua kuupaka chochote, na hapo macho hugutuka. Ni mbao nzima, nyekundu iliyokolea, nyuzi zimenyooka kutoka juu hadi chini, na kwenye pembe ulimi wa ubao mmoja umeingia katika tundu la mwenzake bila msumari hata mmoja. Nengo, katika mji wa Gisenyi, mahali ambapo Rwanda inakutana na Ziwa Kivu, bado kuna nyumba za zamani, za enzi ya Wabelgiji na za miongo iliyofuata, ambazo majiko yake yana makabati ya namna hii. Nyumba zinauzwa, zinarithiwa, zinageuzwa za wageni, na kazi ya kwanza ya mwenye nyumba mpya huwa ni kung'oa jiko. Inafaa kuuliza, kabla nyundo haijaletwa, ni nini hasa kinachong'olewa.

Nashikilia kwamba katika makabati mengi ya aina hiyo kilichozeeka ni ngozi, na kwamba tumezoea kuhukumu mwili mzima kwa ngozi. Tabaka tatu za vanishi, zikishakauka, unene wake kwa jumla ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndani ya unene huo ndimo mnamokaa karibu kila kitu kinachomfanya mtu aseme kabati limechoka: manjano ya uzee, mikwaruzo ya sufuria, masizi ya mkaa, alama ya glasi iliyoachwa ikiwa na maji. Chini yake kuna ubao wa milimita ishirini au zaidi ambao haujui kwamba miaka hamsini imepita. Fundi anayejua kazi huanza kwa kuosha, wala hagusi msasa kwanza. Mafuta ya kupikia yaliyoingia kwenye vinyweleo vya mti ndiyo adui mkubwa wa rangi mpya, na ukiyasugua kwa msasa kabla ya kuyatoa kwa maji ya moto na sabuni kali unayasukuma ndani zaidi. Kisha hukwangua kwa bapa la chuma. Krimu hutoka vipande vipande, kijani hutoka kwa shida, vanishi ya kwanza hutoka kama unga wa kahawia. Ndipo msasa mkali, kisha wa wastani, kisha laini, daima kwa kufuata nyuzi, kwa kuwa mkwaruzo mmoja uliokatiza nyuzi hautaonekana siku hiyo. Utajitokeza siku vanishi itakapopakwa, tena kwa nguvu. Matundu ya skrubu za zamani huzibwa kwa vumbi la mti uleule lililochanganywa na gundi. Vanishi hupakwa nyembamba, ikauka, ikapigwa msasa mwepesi, ikapakwa tena. Hakuna siri katika haya yote ila subira.

Wahenga wa pwani walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walikuwa wakionya juu ya pambo linalomlaghai mtazamaji: nakshi nje, na ndani si kitu, ni mti tu. Methali hiyo ilitungwa katika dunia ambamo mti ulikuwa kitu cha kawaida na nakshi ndiyo iliyokuwa adimu. Sisi tumepindua mambo. Kabati jipya linaloletwa badala ya lile la zamani kwa kawaida limetengenezwa kwa mbao za kubanwa: chembe za mti, au unga wa nyuzi zake, uliochanganywa na gundi, ukakandamizwa kwa joto, kisha ukafunikwa karatasi iliyoloweshwa kwa utomvu wa melamini. Juu ya karatasi hiyo imechapishwa picha ya mti. Mtu anaondoa mti wenyewe jikoni mwake na kuweka mahali pake picha ya mti iliyobandikwa juu ya vumbi la mti, akilipia usafiri wa picha hiyo kutoka ng'ambo hadi Mombasa au Dar es Salaam na kutoka huko kwa lori hadi ukingoni mwa Kivu. Mkakasi wa leo ukiufungua ukakuta ndani kipande cha mti, utakuwa umebahatika.

Sitaki kuzionea mbao hizo. Zinatumia mabaki ya viwanda vya mbao ambayo vinginevyo yangechomwa, hazipindi kama ubao mbichi uliokaushwa kwa haraka, na kwa rafu za chumba kikavu zinafaa kabisa. Tatizo ni jiko. Jikoni kuna maji, na maji hutafuta ukingo. Pale karatasi ya melamini inapoishia, chini ya sinki au kwenye tundu lililotobolewa kupitisha bomba, maji huingia, chembe huvimba, na kilichovimba hakirudi. Ubao wa mti ukilowa nao huvimba, lakini ukikauka husinyaa na fundi anaweza kuupiga randa. Skrubu ya bawaba iliyolegea katika ubao halisi huzibiwa tundu lake na kufungwa upya. Iliyolegea katika chembe zilizobanwa hutoka na konzi ya unga. Tena uso wa karatasi hauna kina cha kupigwa msasa: ukisugua kidogo tu umefika kwenye vumbi. Ndiyo kusema kabati la aina hiyo, hata likitunzwa vizuri, halikuundwa ili fundi wa pili aje alishughulikie. Na gundi nyingi zinazotumika humo zina fomaldehaidi, ambayo mwaka 2004 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ndiyo maana nchi nyingi zimeweka kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kutoka kwenye mbao hizo. Anayenunua za bei ya chini kabisa asidhani kikomo hicho kimemfuata hadi dukani.

Lakini hoja yenye uzito zaidi kwa Gisenyi haiko jikoni. Iko juu, kwenye vilima vya mashariki ya mji. Msitu wa Gishwati katika miaka ya 1970 ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Ukakatwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari katika mradi mkubwa wa miaka ya 1980 uliofadhiliwa kutoka nje, ukakatwa tena baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, watu waliorejea nchini walipohitaji mahali pa kuishi na kulima, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilichobaki kilikuwa hekta 600 hivi. Sasa mabaki yake, pamoja na msitu wa Mukura, ni hifadhi ya taifa, na miti inapandwa tena. Umuyove, jamaa wa mkangazi na mti mkubwa wa misitu ya milimani, haupandwi leo ukavunwa na mtoto wa aliyeupanda, unataka vizazi. Kwa hiyo ubao mwekundu ulio nyuma ya mlango wa kabati, uwe ulitoka Gishwati au ulivuka mpaka kutoka Kongo, ni kitu ambacho mlima wenyewe haukiuzi tena. Na mlima huo unadai deni. Mto Sebeya unatelemka kutoka nyanda hizo, unapita eneo la Nyundo na kuingia ziwani. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ulifurika, mafuriko na maporomoko ya udongo katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini yakaua watu zaidi ya 130, na katika wilaya ya Rubavu, ambamo Gisenyi imo, maji ya matope yaliingia majumbani mwa watu hadi jikoni. Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, hilo halina ubishi. Ila mteremko uliovuliwa msitu hauzuii maji kama mteremko wenye msitu. Aliyeagiza kabati hilo zamani alichukua mti kwa bei ya shoka na mshahara wa wapasua mbao. Bei iliyobaki inalipwa na watu wa bondeni. Mti uliogharimu kiasi hicho kuutupa kwa sababu vanishi yake imegeuka manjano ni ufujaji wa mali iliyokwisha lipiwa mara mbili.

Inasaidia kukumbuka kwamba jiko la makabati yaliyoshikana ukuta kwa ukuta, ambalo leo tunaliona kama umbile la asili la nyumba nzuri, lina umri wa miaka kama mia moja tu. Wasomi wengi wa usanifu hulianzisha na jiko la Frankfurt, lililobuniwa mwaka 1926 na mwanamke msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi. Yalitengenezwa majiko yapatayo 10,000. Mkuu wa mradi ule wa nyumba alikuwa Ernst May, ambaye (na hapa historia inacheka kidogo) mwaka 1934 alikimbilia Tanganyika akawa mkulima, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi, akapanga sehemu za Kampala, na kubaki Afrika Mashariki hadi miaka ya 1950. Jiko la Frankfurt liliundwa liwe sehemu ya nyumba, likae na nyumba, lihudumie mpangaji baada ya mpangaji. Kabla ya hapo na mbali na hapo, mafundi wa Lamu na Pate walikwisha kujenga zidaka ndani ya kuta za nyumba za mawe, safu juu ya safu, zikapakwa chokaa upya kila zilipochakaa, na hakuna aliyewaza kuzing'oa kwa sababu chokaa imefifia. Dhana kwamba kabati ni nguo, livaliwe msimu mmoja na kuvuliwa, ilikuja baadaye, pamoja na wauzaji wa makabati.

Dhana hiyo ina nguvu kwa sababu inagusa heshima, na heshima si jambo la kudharau. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mtu aliyekulia katika nyumba ambayo jiko lake lilikuwa kibanda cha nje chenye mafiga matatu, akajenga au akanunua nyumba Nengo, ana haki ya kutaka kitu ambacho hakuna mkono mwingine uliokigusa. Rwanda nzima iliwahi kulijadili suala hilo kwa upande wa mavazi: mwaka 2016 ushuru wa nguo za mitumba ulipandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba taifa linalojiheshimu halivai kilichotupwa na wengine. Kwa nini basi mtu aambiwe apende kabati la mlowezi? Swali ni la haki, ila linachanganya vitu viwili. Shati la mtumba lilishonwa kwingine, kwa pamba ya kwingine, likavaliwa kwingine, likatufikia likiwa limechoka. Kabati lile lilipasuliwa kutoka miti ya hapa au ya ng'ambo ya mpaka, na mikono iliyolirandia na kuliunga, hata pale bwana mwenye mchoro alipokuwa Mbelgiji, ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya watu wa huku, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kilicho cha mlowezi ni ile rangi ya krimu, na hiyo tumekubaliana iondoke. Mwenye nyumba akitaka jambo jipya la kuwaonyesha wageni, ule wekundu unaotoka chini ya rangi ni mpya kuliko chochote cha dukani; waliokuwa wakiishi na kabati hilo tangu lipakwe rangi wenyewe walikuwa hawajauona upande wa mbele.

Pingamizi la fundi ni zito zaidi, na mara nyingi hupuuzwa na wanaopenda vya kale. Kukwangua ni kazi chafu, ya vumbi, isiyopimika mapema: huwezi kujua chini ya rangi kuna nini hadi uifikie. Mteja anaiona kazi hiyo kama kupaka rangi tu, na hataki kuilipia siku zake. Kabati jipya lina vipimo, lina bei, na faida ya fundi imefichwa ndani ya bei ya mbao. Ndiyo maana fundi mwenyewe huwa wa kwanza kusema "hili limekwisha, boss, tutengeneze lingine." Hakosei kwa hesabu yake. Ila tazama fedha inakokwenda. Katika kabati la mbao za kubanwa sehemu kubwa ya malipo inakwenda kiwandani, kwenye meli na kwenye lori. Fundi anabaki kukata na kufunga skrubu. Katika kabati linalofanywa upya vifaa ni msasa, gundi, vanishi na bawaba, na yote yaliyobaki ni ujira. Serikali ilijenga udukiriro, yaani vituo vya mafundi, katika wilaya ili useremala na ufundi mwingine uwe na mahali pake, na ikahimiza bidhaa za nyumbani. Sioni bidhaa iliyo ya nyumbani zaidi kuliko siku za kazi za mtu wa Rubavu zilizolipwa moja kwa moja. Kinachohitajika ni mapatano ya namna nyingine: kulipa kwa siku au kwa mlango, kukubaliana kufanya mlango mmoja kwanza kama sampuli ndipo bei ya mingine ijulikane. Anayekubali bei ya jumla bila kuona ubao ndiye anayepuliziwa rangi juu ya mafuta, na baada ya miezi michache inabanduka kama ngozi ya nyoka.

Yapo pia makabati yasiyostahili juhudi hii, na kuyatetea ni ushabiki. Ubao uliotobolewa na dumuzi kiasi kwamba ukiugonga unatoa mlio wa utupu hauna mwili wa kuokolewa. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, sumu inayodhuru zaidi watoto. Mahali penye shaka vumbi lake lisipeperushwe, rangi ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa na mabaki yazolewe yote, na kama hilo haliwezekani basi heri kuifunika kuliko kuisaga. Kisha kuna umbo. Majiko mengi ya enzi ya Wabelgiji yalipangwa kwa ajili ya mtumishi, si kwa ajili ya mwenye nyumba, na leo anayepika ni mwingine na anapikia gesi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya kabati lililofungwa hutuama chini ikisubiri cheche. Mtungi ukae nje, au kabati litobolewe matundu chini na juu. Kwa mambo kama haya ndipo njia ya kati inapofaa: boksi la zamani linabaki ukutani, linakatwa pale linapohitaji kukatwa, linatengenezewa milango na nyuso za droo mpya, na sehemu zinazoonekana zinavalishwa ubao mwembamba. Usiache mbachao kwa msala upitao, naam, lakini hakuna aliyesema mbacha usishonwe. Hata boksi lenyewe mara nyingi limeoza sehemu moja tu, ile sakafu ya chini ya sinki, na sehemu hiyo huondolewa peke yake.

Limebaki pingamizi moja ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Katika mji wa mpakani kama Gisenyi hakuna kabati linalotupwa. Linaloondolewa Nengo linanunuliwa na mtu wa mtaa mwingine, au linavushwa mpaka hadi Goma, mji ambao volkano ya Nyiragongo iliuunguza mwaka 2002 na kuutisha tena mwaka 2021, na ambao tangu hapo hauachi kujijenga. Huko linakuwa kabati la mtu ambaye hangeweza kuagiza jipya, au linapasuliwa liwe kitanda, meza ya duka, mlango. Familia nyingi za Rubavu bado zinapikia kuni au mkaa katika jiko la uani, na ubao mzuri wa kwanza kuingia nyumbani kwao huwa umetoka katika ukarabati wa mwenye nacho. Kwa mtazamo huo, mwenye villa anayeng'oa kabati anawapitishia wengine mali, na anayelipiga vanishi upya anaikalia. Siwezi kuikana hoja hii. Kwa miaka mingi ndivyo vitu vilivyotembea katika mji huu, kutoka kilimani na ufukweni kuelekea bondeni, na si vibaya. Lakini mtembeo huo ulitegemea kwamba kila kinachoingia juu kina nguvu ya kutosha kushuka. Kabati la mbao nzima lililofanywa upya leo litafika kwa mnunuzi wa pili baada ya miaka ishirini likiwa bado na ubao wa kukata kitanda. Kabati la melamini lililochukua nafasi yake litafika, kama litafika, likiwa limevimba miguu, na mnunuzi wa pili atalifungua skrubu, atachukua bawaba na vishikio, na mengine hayatamfaa hata kwa kuni, maana moshi wa gundi ile haufai chini ya chungu.